Solo Isiyosikika: Kisa cha Amplifaya ya Kwaya Moja Mwanjelwa

Malalamiko yalikuwa mawili, na yalipingana. Mpiga solo wa kwaya alisema gitaa lake halisikiki mara tu kinanda, besi na ngoma vinapoingia. Akina mama wanaokaa safu ya mbele walisema gitaa hilohilo linawachoma masikio. Ampu ni moja, ibada ni moja, kanisa ni moja la bati pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ukisikia hivyo unaweza kudhani upande mmoja unatia chumvi. Hakuna aliyetia chumvi, na chanzo cha sehemu kubwa ya kauli zote mbili kilikuwa palepale, kwenye sehemu ya besi na trebo ya ampu hiyo.

Ampu yenyewe ni ya valvu, zile taa za kioo ambazo wazee wanazikumbuka kutoka kwenye redio za zamani. Haina jina la kiwanda. Mtu fulani Marekani aliiunda kwa mkono akifuata mchoro wa kampuni ya Fender wa mwaka 1963, ule ambao mafundi wanauita AB763, kisha ikaletwa huku ikiwa imeshatumika. Ina spika moja ya inchi 12 na nguvu ya kama wati 22. Kwa kuwa ilitengenezewa volti 120, inakaa juu ya transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230. Mbele kuna nobu ya sauti, ya trebo na ya besi. Ya midi, yaani sauti za katikati, haipo. Weka akilini hilo.

Kabla sijaitwa, ushauri ulishatolewa mwingi. Mmoja alisema ampu haina nguvu, wanunue ya wati 100. Mwingine alisema tatizo ni spika. Wa tatu alitaka ekwalaiza, kifaa cha kuongeza au kupunguza besi, midi na trebo, iwekwe katikati ya gitaa na ampu, na huyu hakuwa mbali na ukweli, ila angetibu tatizo kutoka nje wakati lilikuwa ndani. Wati 22 za valvu na spika nzuri zinatosha kabisa kwa kanisa la ukubwa ule. Nguvu haikuwa hoja.

Nilianza kwa kusikiliza mazoezi ya katikati ya wiki, kisha ibada ya Jumapili. Tofauti ilikuwa kubwa. Siku ya mazoezi ukumbi uko mtupu: sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa plasta, bati juu. Sauti inagonga na kurudi, gitaa linang'aa, mpiga solo anafurahi. Jumapili watu wanajaa, na kwa kuwa ilikuwa Juni, msimu ambao Mbeya baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kila mtu ameingia na koti, sweta na kitenge cha kujifunika. Nguo nzito zinameza sauti za juu. Besi haimezwi hivyo, inaendelea kuzunguka ukumbini kama kawaida. Basi kijana anasikia gitaa limefifia, anaongeza trebo. Bado halisikiki, anaongeza tena. Kumbe trebo hiyo haiendi kwake. Spika ya inchi 12 inarusha sauti za juu kwa mstari mwembamba kuelekea mbele, na ampu ilikuwa chini sakafuni, imeelekezwa moja kwa moja kwenye safu ya kwanza. Yeye amesimama pembeni yake, anasikia besi na mngurumo. Akina mama wanapokea sindano zote.

Hatua ya kwanza kwa hiyo haikuhitaji hata bisibisi. "Mwalimu, shikamoo. Naomba kabla hatujafungua chochote tuiinue juu ya kiti na kuilaza nyuma kidogo," nilimwambia mwalimu wa kwaya. Alikubali, ingawa nadhani alitegemea fundi aje na kitu cha maana zaidi. Ilipoinuliwa na kuelekezwa kichwani kwa mpigaji, kijana mwenyewe aliipunguza trebo bila kuambiwa. Alikuwa hajawahi kuisikia.

Hatua ya pili nayo ilikuwa ya bure, na hapa ndipo watu wengi wanapotelezea. Nobu zake zilikaa kwenye 5 kwa besi na 7 kwa trebo. Nilipomwuliza kwa nini besi iko 5, alijibu, "Fundi, tano ni katikati. Siongezi, sipunguzi." Kwenye mixer au ekwalaiza jibu hilo ni sahihi, kwa sababu kule katikati ni sifuri, na ukizungusha kulia unaongeza, kushoto unapunguza. Kwenye ampu ya mtindo huu hakuna kitu kama hicho. Nobu za besi na trebo haziongezi chochote. Ni rezista (kinachozuia umeme) na kapasita (kinachopitisha sauti za juu kwa urahisi kuliko za chini) tupu, na kazi yao ni kupunguza. Kinachobadilika ni wapi panapunguzwa na kwa kiasi gani. Ukiweka zote kwenye 5 hupati sauti iliyonyooka. Unapata besi nyingi, trebo nyingi, na bonde kubwa katikati, kwenye eneo la Hz (mitetemo kwa sekunde) 400 hivi. Ukitaka bonde lifukiwe kwa nobu hizo mbili pekee, inabidi uzishushe karibu na sifuri zote mbili, kisha ufidie kwa kuongeza sauti.

Tulijaribu: besi kwenye 2, trebo kwenye 4, sauti ikapandishwa. Gitaa likasogea mbele ya kinanda waziwazi. Kijana alilitazama jopo la mbele kwa mashaka, maana namba hazikumpendeza, lakini masikio yake yalikubali. Kuna wapigaji wengi wanaoweka nobu kwa macho, na sidhani kama nitawabadilisha.

Sasa, kwa nini bonde hilo linaliumiza gitaa la solo na si kinanda? Angalia noti zenyewe. Uzi wa kwanza wa gitaa ukipigwa wazi unatoa Hz 330. Kwenye freti (kigawanyo cha shingo ya gitaa) ya 12 unatoa 659, kwenye ya 17 unatoa 880. Uzi wa pili kwenye freti ya 7 uko Hz 370. Kijana huyu, kama wapiga solo wengi wa kwaya zetu waliokulia kwenye sebene, anakaa humo humo: nyuzi mbili nyembamba za chini kabisa mkononi, kati ya freti ya 7 na ya 17. Yaani noti za msingi za kila anachokipiga ziko kati ya Hz 370 na 880, palepale bonde lilipo. Kinachobaki ni mwangwi wa juu wa noti, ule mlio wa kucha na uzi, ndiyo huo unaochoma. Gitaa la besi, kwa upande mwingine, linaanzia Hz 41 na linajaza chini. Kinanda kinapita moja kwa moja kwenye mixer, hakijui habari za bonde.

Mtindo huo wa Fender haukuwa na kasoro. Ulitengenezewa muziki wa Kimarekani wa wakati ule, gitaa safi linaloambatana na mwimbaji mmoja na kumwachia nafasi, na kwa kazi hiyo ni mtamu mno. Ukichumbia sauti ya gitaa peke yake dukani au chumbani, bonde lile linapendeza, hasa sauti ikiwa ndogo, kwa sababu sikio la binadamu kwenye sauti ndogo hupoteza besi na trebo kwanza. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Lakini muziki wetu wa gitaa umejengwa kwa namna nyingine. Aliyewahi kusikiliza bendi ya Tancut Almasi ya Iringa ya miaka ya 1980 anajua solo na rithimu zinavyosukana. Kila moja inahitaji kiwiliwili chake cha katikati ili sikio lizitenganishe.

Baada ya hapo ndipo nilipofungua ampu, kwa sababu besi 2 na trebo 4 ilikuwa nusu ya dawa. Kijana alikuwa amepoteza ule mng'ao anaoutaka kwenye nyimbo za taratibu, na alikuwa na haki ya kuudai.

Neno kwa anayetaka kufanya haya nyumbani. Ampu ya valvu ina zaidi ya volti 400 za umeme wa moja kwa moja ndani, na kapasita kubwa zinaendelea kuushika hata ukishachomoa waya ukutani. Mimi huzimwaga kwa rezista yenye waya uliofunikwa vizuri, kisha napima kwa mita, kisha napima tena, na mkono wa kushoto unakaa mfukoni. Kama hujawahi kufanya hivyo, mpelekee anayejua. Kuna mafundi wazuri wa redio ambao hawajawahi kugusa valvu maisha yao yote, na transista haikufundishi kuogopa.

Ndani, sehemu ya besi na trebo ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka kwenye valvu ya kwanza ishara inagawanyika. Njia moja inapita kapasita ya pikofaradi 250 kwenda kwenye trebo. Njia nyingine inapita rezista ya kiloomu 100, kisha kapasita mbili, ya mikrofaradi 0.1 kwenda kwenye besi na ya 0.047 kwenda kwenye midi. Na pale ambapo ampu kubwa za jamii hii zina nobu ya midi, hii ina rezista moja tu ya kiloomu 6.8 iliyofungwa kwenda ardhini. Hiyo ndiyo midi. Mtu alikuchagulia kipimo kwenye mchoro, akakifungia ndani.

Hesabu ya haraka, ukiacha kapasita pembeni kwa muda, inaeleza karibu kila kitu. Ishara za katikati zinashuka kupitia 100 na kukutana na 6.8. Kinachobaki ni 6.8 kwa 106.8, kama asilimia 6 ya volteji iliyoingia. Ukiweka kiloomu 20 mahali pa 6.8, unabaki na 20 kwa 120, kama asilimia 17. Hiyo ni karibu mara mbili na nusu ya ile ya mwanzo, bila kugusa valvu wala transfoma, kwa kubadilisha kitu ambacho bei yake haifiki nauli ya daladala. Ukiacha 6.8 mahali pake na badala yake ukaishusha ile 100 hadi 56, unapata asilimia 11 hivi. Ukifanya yote mawili, asilimia 26.

Kushusha ile 100 si jambo geni. Bassman, ampu ya Fender ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ilitumia 56, na ampu ya kwanza ya Marshall kule London, ambayo ilinakili Bassman hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitumia 56 pia, kabla Marshall za baadaye hazijashuka hadi 33. Bonde linakuwa fupi na linasogea juu kidogo. Sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita sauti ya Kiingereza, tofauti na ya Kimarekani, imekaa kwenye rezista hiyo na kapasita zinazoizunguka.

Sikutaka kulehemu chochote kabla ya kusikia. Nilinyanyua mguu mmoja wa ile 6.8 na kufunga kwa klipu volyumu, yaani rezista inayobadilishwa kwa kuzungusha nobu, mahali pake. Vitabu vinataka kiloomu 25 ya kupanda sawasawa, yenye herufi B. Madukani Mwanjelwa 25 haipatikani kirahisi, lakini B20K ipo tele kwa sababu inatumika kwenye redio na mixer za Kichina, na 20 inatosha. Herufi B ina maana yake hapa: kwa B20K, ile 6.8 ya zamani inapatikana nobu ikiwa kwenye 3 na kitu, kwa hiyo mpigaji anaweza kurudi kwenye sauti ya mwanzo wakati wowote. Ukiweka yenye herufi A, sehemu kubwa ya mabadiliko inajibana kwenye nusu ya mwisho ya mzunguko, na kijana atakwambia nobu haifanyi kazi.

Jaribio lilifanyika bendi nzima ikipiga, kwa sababu gitaa likipigwa peke yake lingetudanganya tena. Mwalimu alisimama nyuma ya ukumbi, mgongo kwetu, asione ninachofanya. Kijana alirudia kipande kilekile cha sebene, mimi nikabadilisha. Midi ikiwa 3, mwalimu alisikia "kinanda na kitu kinacholia". Kwenye 6 alisema, "Hapo, hapo nasikia anachosema." Kwenye 10 aligeuka. Soprano zilikuwa zimezama.

Hilo la soprano lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu ni gharama ambayo wauzaji wa mabadiliko haya hawaisemi. Sauti ya soprano inapanda kati ya Hz 250 na 1,000, eneo lilelile tulilokuwa tunalifukia. Eneo la katikati halikuwa tupu likimsubiri mpiga solo. Lina wenyewe. Ukimwongezea gitaa, kuna mtu unampunguzia, na kwenye kwaya mtu huyo ndiye anayeimba maneno. Mwalimu alikuwa mkali kwenye hoja hii na alikuwa sahihi: solo isikike kwenye vibwagizo vya ala, kisha ishuke mwimbaji akiingia. Hilo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mkono wa mpigaji na nobu ya sauti iliyo kwenye gitaa lenyewe, na tulilisema wazi mbele ya kijana.

Jaribio la 56 lilifuata. Rezista hii inataka uangalifu zaidi, kwa sababu mguu wake mmoja umeungwa kwenye anodi ya valvu na una umeme mkubwa muda wote ampu inapowaka. Kila badiliko lilimaanisha kuzima, kumwaga kapasita na kupima. Matokeo yalikuwa ya kuvutia kwa dakika chache. Gitaa lilinenepa, na kwa kuwa ishara inayopotea njiani ilipungua, valvu inayofuata ilianza kuvunja sauti mapema, ule ukwaruzo mtamu ambao vijana wanaupenda. Kijana alitabasamu hadi masikioni. Lakini nyimbo za taratibu zilipoteza usafi, na nobu ya midi ikapoteza nusu ya maana yake, maana hata ikiwa chini midi ilikuwa imeshajaa. Nilirudisha 100. Kwa bendi ya dansi ya gitaa mbili ningeiacha 56 bila kusita.

Kuna aliyependekeza pia nikate waya wa fidibeki, ule unaorudisha sehemu ya sauti kutoka kwenye spika, kupitia rezista ya omu 820, ili kuituliza ampu. Wanaoukata wanapata sauti kubwa zaidi na yenye ukali. Wanapata pia besi isiyoshikika, na chini ya bati lile besi ilikuwa imeshazidi. Sikujaribu.

Lilibaki suala la akina mama. Kuinua ampu kulipunguza malalamiko, hakukuyamaliza. Mkosaji wa pili alikuwa kapasita ndogo ya pikofaradi 47 iliyoungwa kwenye nobu ya sauti, kutoka mguu wa kuingilia hadi wa kutokea. Kazi yake ni kupitisha sauti za juu bila kuzipunguza wakati nobu ya sauti iko chini. Nobu hiyo ni ya megaomu 1, na ampu ikiwa kwenye 3, kapasita inaanza kufanya kazi kuanzia kama Hz 3,500 kwenda juu, eneo ambalo sikio la binadamu linasikia kwa wepesi kuliko yote. Kadiri sauti inavyopandishwa ndivyo athari yake inavyopungua, na ukifika mwisho haipo kabisa. Sasa waza juu ya kanisa. Kila mara kijana alipoambiwa "punguza sauti, linachoma", alipunguza, na kwa kupunguza aliiamsha kapasita. Mlio ukawa mdogo lakini mkali zaidi kwa uwiano. Ndiyo maana kupunguza hakukuwahi kumridhisha mtu.

Nilinyanyua mguu wake mmoja na kuuacha umefunikwa kwa kimpira, kapasita ikibaki mahali pake. Anayetaka kuirudisha ataikuta.

Onyo moja la manunuzi, kwa kuwa nimeulizwa. Kapasita nyingi za bei rahisi kwenye maduka ya vifaa vya redio zimeandikwa volti 50 au 63. Kwenye redio zinafaa. Kwenye njia za sauti za ampu ya valvu zinakaa kati ya umeme wa mamia ya volti na nobu, na zikivuja utaanza kusikia nobu zikikwaruza, kisha utasikia mengine. Tafuta zilizoandikwa 400 au zaidi, na kama hazipo, agiza Dar es Salaam na usubiri basi. Kwenye kazi hii sikubadilisha kapasita yoyote, kwa hiyo kwaya haikusubiri.

Ilipofungwa, ampu ilikuwa na mabadiliko mawili tu ya kudumu: volyumu ya B20K mahali pa rezista ya midi, na mguu mmoja uliolegezwa. Rezista ya zamani ya 6.8 nimeibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya kasha, pamoja na mchoro mdogo unaoonyesha ilipokuwa, ili fundi ajaye asije akadhani aliyeiunda aliiacha hivyo. Sikutoboa tundu jipya. Nobu ya midi niliipitisha nyuma, kwenye tundu la spika ya pili ambalo halijawahi kutumika tangu ampu ifike Mbeya.

Sasa hivi wanaitumia hivi: besi 3, trebo 5, midi kati ya 5 na 6, sauti inapanda au kushuka kulingana na watu waliojaa. Siku za baridi, makoti yakiwa mengi, trebo inapanda hadi 6 na hakuna anayelalamika, kwa sababu haipiti tena kwenye ile kapasita. Mng'ao wa nyimbo za taratibu umerudi kwa kiasi, si wote. Kijana anasema anaukosa kidogo anapopiga peke yake, na ninamwamini.

Ameomba nobu ya midi ihamishiwe mbele ili aifikie katikati ya wimbo. Mwalimu amekataa.